"Ninafanya" moja, Kiingereza mbili: maswali yenu kuhusu wakati uliopo na ujao

Barua nyingi safari hii zimehusu vitenzi vya Kiingereza. Sentensi za wasomaji tumeziacha kama walivyoziandika, maana kosa lenyewe ndilo linaloonyesha limepitia njia gani.

Niliambiwa "ninafanya" ni "I am doing". Kwenye barua ya kuomba kazi nikaandika "I am waking up at five every day and I am sewing school uniforms". Aliyeisoma akasema imekaa vibaya, ila hakunieleza ubaya uko wapi. Halafu mara kwa mara najikuta naandika "I am go". – Fundi cherehani, Morogoro

Ubaya uko kwenye -na-. Katika Kiswahili cha kila siku kiambishi hiki kinabeba mizigo miwili. Ukisema "ninashona sare", huenda unataja kazi yako, na huenda uko kwenye cherehani dakika hii, mguu juu ya pedeli. Anayekusikiliza anajua ni ipi kwa kutazama mazingira. Kiingereza hakimwachii kazi hiyo, kinakutaka wewe uchague kabla hujafungua mdomo. Kazi, mazoea na ukweli wa kudumu ni "I sew school uniforms". Kinachoendelea sasa ni "I am sewing school uniforms".

Kipimo cha kuchagulia kimo ndani ya Kiswahili chenyewe, nacho ni hu-. Toa "nina-", weka "hu-", kisha isikilize sentensi. "Huamka saa kumi na moja kila siku": imekubali, basi andika "I wake up at five every day". "Subiri kidogo, huongea na simu": imekataa, basi ni "I am talking on the phone". Jikoni tofauti hii inaonekana vizuri zaidi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, "Water boils at 100 degrees". Lakini anayepaza sauti kwamba maji yanachemka, tieni majani, anasema "The water is boiling". Akisema "The water boils!" atakuwa kama anayesoma kitabu cha sayansi mbele ya sufuria.

Msifikiri lakini kwamba "am sewing" ni ya sekunde hii tu. Ni ya kipindi chochote chenye mwisho unaoonekana. "I am working in Morogoro this month" ni sawa hata ukiisema kitandani saa nane za usiku, kwa kuwa mwezi utakwisha na utaondoka. Kipimo chetu kinakubaliana nalo: "mwezi huu hufanya kazi Morogoro" haikai.

Sasa "I am go". Neno "ninaenda" lina vipande vitatu, ni-na-enda, na mkono unatafuta vitatu vya kuvilinganisha: I, am, go. Kila kipande kimepata mwenzake, ndiyo maana kosa linapendeza machoni. Ila -na- ya kuendelea haitafsiriwi na "am" peke yake. Tafsiri yake imekatwa vipande viwili, kimoja mbele ya kitenzi na kingine mkiani: am … -ing. Ukisahau mkia unapata "I am go", ukisahau cha mbele unapata "I going". Na kwenye mazoea hakitakiwi hata kimoja, ni "I go" tu.

Kwenye kukanusha ndiko wengi wanakoteleza zaidi, kwa sababu Kiswahili hapo kinaitupa -na- yenyewe. "Sili nyama" ya mtu asiyekula nyama kabisa ni "I don't eat meat". "Sili sasa hivi, nimeshiba" ni "I'm not eating now, I'm full".

Tahajia ya -ing: "e" ya mwisho huanguka (make, making), na kitenzi kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudia konsonanti hiyo (sit, sitting, run, running). Irabu zikiwa mbili harudiwi mtu: eat, eating. "W", "x" na "y" nazo hazirudiwi. "Writting" yenye "t" mbili ndiyo tunayokutana nayo kuliko zote. Ni "writing", kwani kitenzi ni "write" na kilichotokea ni "e" kuanguka tu.

Kwenye WhatsApp naandika "Am coming" na watu wote wananielewa. Mbona mhadhiri wangu anaizungushia kalamu nyekundu? – Mwanafunzi, Eldoret

Sikio ndilo lililokuponza. "I'm" hutamkwa kwa pumzi moja na sikio linaokota "am" tu. Pili, "nakuja" ni sentensi iliyokamilika, mtendaji yumo ndani ya kitenzi, kwa hiyo "am coming" nayo inaonekana imetimia. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi mtendaji tumboni, lazima asimame nje: "I am coming" au "I'm coming". Tena "am" ikitangulia inafungua swali: "Am I late?"

Kosa pacha wake ni "My brother he works in Nakuru". Hapo mwandishi ameitafsiri "a-" ya "anafanya" wakati kaka ameshatajwa. Mtendaji ni mmoja, atajwe mara moja.

Mwanangu ananiuliza: "children" ni wengi na "s" ni ya wingi, mbona "children works" ni kosa na "child works" ni sahihi? Na kwa nini "Does she works" nayo ni kosa? – Mzazi, Tanga

Mwanao ameuliza swali zuri, na jibu lake ni kwamba hizo ni "s" mbili zisizo na undugu. Ya kwenye jina ni ya wingi: book, books. Ya kwenye kitenzi ni ya umoja, nafsi ya tatu, yaani yeye na vyote vinavyoweza kuitwa he, she au it. Mwambie aifikirie kama "a-" ya "anafanya" iliyohamia mkiani: a-nafanya, work-s. Wao, sisi, mimi na wewe hawana "a-" hiyo, basi hawana "s". Wakati mwingine zinapishana kabisa: "The boy plays", "The boys play". "S" ipo moja, ama kwa jina ama kwa kitenzi.

Kuhusu "does": "s" hiyo hutolewa mara moja tu katika sentensi. Kisaidizi "do" kikija kwa ajili ya swali au kukanusha, kinaipokea chenyewe na kuwa "does", na kitenzi kinabaki kitupu. "She works." "Does she work?" "She doesn't work." Atumie kidole: afunike "does" na kuangalia kama "s" bado imebaki kwenye kitenzi. Ikiwa imebaki, ameilipa mara mbili.

Tahajia: vitenzi vinavyoishia s, sh, ch, x, z au o huchukua -es (watches, goes). Konsonanti ikifuatwa na "y", "y" hugeuka -ies (study, studies), lakini irabu ikifuatwa na "y" haiguswi (play, plays). "Have" ni "has". Na asome kwa sauti: "works" ni silabi moja, ila "watches" ni mbili, "woch-iz". Mtoto anayeimeza silabi hiyo ya pili atasahau pia kuiandika.

Nilimwambia mgeni "We are having rooms with sea view" na "I am not understanding you". Mwenzangu akacheka. Kipimo chenu cha hu- hakijanisaidia. – Mhudumu wa hoteli, Nungwi

Kwa vitenzi hivi kipimo cha hu- weka pembeni. Kiingereza kina kundi la vitenzi ambavyo si vitendo bali hali: kujua, kutaka, kupenda, kuelewa, kumiliki. Havina mwanzo unaouona wala mwendo, basi havichukui -ing hata kama ni sasa hivi. Vya kushika kichwani kwanza: know, want, need, like, understand, believe, remember, belong, cost. "I don't understand you." "The room costs 80 dollars." Mgeni akiwa mbele yako na ufunguo mkononi bado ni "He wants the key", wala si "He is wanting".

"Have" ni ya kutazamwa vizuri, nayo ndiyo inayowasumbua watu wa hoteli. Ikiwa na maana ya "kuwa na", haichukui -ing: "We have rooms with a sea view", "I have two children". Ikiwa imesimama badala ya kitenzi kingine kama kula, kunywa au kuoga, inachukua bila shida: "They are having breakfast", "She is having a shower". Sema kwanza kwa Kiswahili. Ukisikia "-na" ya kumiliki (tuna, nina, wana), -ing haina mahali.

Na si kila "nina" ni "have", lakini. Nina njaa ni "I am hungry", nina miaka 25 ni "I am 25".

Kwenye kitabu cha matukio niliandika "A man has stood near the gate. He has worn a black cap." Msimamizi akaniuliza huyo mtu alishaondoka? Na wakati huo alikuwa bado yuko pale! – Mlinzi, Mombasa

Umeitafsiri -me- kama ulivyofundishwa: amefika, "has arrived". Hapo ni sahihi. Lakini -me- ya Kiswahili ina kazi ya pili ambayo wengi hatuioni kwa kuizoea: inaonyesha hali aliyomo mtu baada ya tendo kwisha. Amesimama: alisimama, na sasa yuko wima. Amevaa kofia: aliivaa, na sasa iko kichwani. Kiingereza hapo hakitazami tendo lililopita, kinatazama kinachoonekana sasa. Ripoti yako inapaswa kusoma hivi: "A man is standing near the gate. He is wearing a black cap."

Vya kukariri kwa pamoja, kwa sababu kazi yako inavihitaji kila zamu: amekaa, "is sitting", amelala, "is sleeping", amebeba mfuko, "is carrying a bag", ameshika panga, "is holding a panga". Vingine vinageuka kuwa sifa tu baada ya "is": amechoka, "is tired", amelewa, "is drunk", mlango umefungwa, "the door is closed". Jiulize, mtu akipiga picha sasa, hali hiyo itatokea kwenye picha? Kofia itatokea. Kuwasili hakutatokea, basi "has arrived" inabaki ilivyo.

Mtego mdogo: "anavaa kofia", yaani mkono uko njiani kuelekea kichwani, ni "He is putting on a cap".

Ninawaaga wageni jioni nikisema "I will to pick you tomorrow at twelve". Nisahihisheni, na mnieleze lini natumia "will" na lini "going to". – Dereva wa watalii, Arusha

Tuanze na saa, kwa sababu hilo ndilo litakalokupotezea wageni. Saa kumi na mbili asubuhi ni "six in the morning". Wewe utakuwa mlangoni jua likichomoza, wao wamejipanga kukungoja saa sita mchana. Kuanzia saa moja hadi saa sita ongeza sita. Kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili punguza sita.

Umbo: baada ya "will" kitenzi hukaa kitupu, bila "to", bila "s", bila -ing. "I will pick you up." "She will come." Na sentensi isiyo na kitenzi kingine hudai "be": nitakuwa tayari ni "I will be ready", si "I will ready". Kukanusha ni "won't", na itamke "wount" kwa mdomo wa mviringo. Ukiitamka "want", mgeni atasikia unataka kwenda wakati unakataa.

Sasa kuchagua. -ta- yetu ni moja, Kiingereza kina milango minne. Mgeni anahangaika na begi, wewe unaamua papo hapo: "I'll carry it." Ukisema "I'm going to carry it", inasikika kama ulilipanga tangu jana. "Going to" ni ya nia uliyokuwa nayo kabla ya kufungua mdomo: "I'm going to change this tyre before we leave." Ni ya dalili pia. Mko porini, simba jike amelala chini majanini, masikio ameyabana, macho yake kwa pundamilia aliyejitenga. Hapo hunong'oni "She will attack". Unanong'ona "She's going to attack", kwa kuwa ushahidi uko mbele ya macho yenu wote.

Mlango wa tatu ni ule wa "am … -ing" uleule wa sasa, ukiwa na siku au saa iliyokubaliwa na watu wengine: "I'm picking you up at six tomorrow", "We're staying in Karatu tonight". Chumba kimeshalipiwa, si nia tu. Wa nne ni ratiba, vitu visivyokungoja wewe: "The gate opens at six", "Your flight leaves at nine on Friday". Wakati uliopo mtupu, ingawa habari ni ya kesho.

Ukikosea kuchagua mlango, mgeni bado atakuelewa. Ukikosea umbo au saa, hatakuelewa. Kwa hiyo gawa bidii yako hivyo, na ukibanwa tumia "I'll" kwa ahadi na "going to" kwa mpango.

"When I will reach home I will call you." Wenzangu wa Kihindi kazini wanasema "will" ya kwanza haitakiwi. Mbona Kiswahili kina -ta- mbili, "nitakapofika nitakupigia"? – Msomaji, Muscat

Wenzako wana haki. Baada ya when, after, before, until, as soon as na if, Kiingereza hutumia wakati uliopo ingawa jambo ni la mbele, na "will" hubaki upande mmoja tu: "When I reach home, I will call you."

Huhitaji kukariri orodha. Kabla ya kutafsiri geuza "-takapo-" iwe "-ki-": nikifika nitakupigia. -ta- imebaki moja, basi na "will" ni moja. "Mvua ikinyesha hatutatoka": "If it rains, we won't go out." Bila kufikiria umeshapata.

Angalia kitu kimoja tu, "when" yenye maana ya "lini". Hiyo inaruhusu "will": "When will you arrive?", "I don't know when he will come", yaani sijui atakuja lini. Ukiweza kusema "lini", iache "will" ikae.

Kwa wapenda asili ya maneno: katika Kiingereza cha kale kitenzi kilichozaa "will" kilimaanisha kutaka, na Kijerumani mpaka leo "ich will" ni "nataka". Wanaisimu huiona -ta- yetu nayo kuwa kifupi cha "-taka". Ushahidi ni hiyohiyo "ni-taka-pofika", na "a-taka-yekuja": neno zima limejificha humo.

Sisi tulifundishwa "I shall, we shall, he will". Wajukuu wananiambia "shall" imekufa. – Mstaafu, Dodoma

Haijafa, mzee wetu, imebadilisha kazi. Kanuni uliyofundishwa iliandikwa mwaka 1653 na John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza, katika sarufi aliyoitunga kwa Kilatini. Leo "will" inatosha kwa nafsi zote. "Shall" imebaki hai kwenye maswali ya kujitolea na kupendekeza, pale Kiswahili kinapomalizia kwa -e: nifungue dirisha? "Shall I open the window?" Twende? "Shall we go?" Na iko hai kwenye mikataba, ambako haisemi "ata-" bali "ni lazima". "The tenant shall pay on the first day of each month" ni amri kwa mpangaji, wajukuu waisome vizuri kabla ya kutia saini.

Nikisikiliza mpira kwa Kiingereza, mtangazaji anasema "He shoots! He scores!" Si tendo linaendelea sasa? Na kwa nini "Arsenal are playing"? – Msomaji, Bukoba

Shuti limekwisha kabla hajamaliza kulitaja, halina muda wa kuendelea. Tendo linaloanza na kwisha ndani ya pumzi moja watangazaji hulitaja kwa wakati uliopo mtupu, na lile linalochukua muda hulipa -ing: "They are passing it around at the back … he turns, he shoots!" Ni mtindo wa utangazaji. Usiubebe hadi sokoni ukasema "I buy tomatoes" huku nyanya ziko kwenye mizani.

"Arsenal are" ni Kiingereza cha Uingereza, ambacho huiona timu kama kundi la watu. Mmarekani husema timu "is".

Ukifungua gazeti lao siku ya pili utakuta mtindo mwingine kwenye vichwa vya habari. "President opens bridge" maana yake amelifungua, jana. "President to open bridge", yenye "to" na bila "is", maana yake bado, atalifungua.